Sekunde Zangu Saba

Mpaka leo nikimsikia mwanaume anasema gari lenye nguvu linataka mguu mzito, damu inanichemka. Mguu mzito! Nimeendesha lori la kiwanda miaka kumi na moja, limejaa marobota ya vitambaa, na najua mguu mzito unampeleka mtu wapi. Gereji.

Kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji tukapunguzwa, na mimi nikiwemo. Nikarudi Bigwa kwa mama, nikalima mboga huku moyo uko kwenye usukani. Wakati huohuo mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa anaifaidi biashara huria. Alianza kuleta magari yaliyotumika kutoka Japani. Moja lilikuwa jekundu, fupi, lina turbo, na watu wa mjini walikuwa wanakuja kulitazama kama bibi harusi. Mjomba akataka dereva wa kuwaonyesha wateja jinsi linavyochomoka, akatangaza mbele ya familia nzima: atakayelifikisha mwendo wa kilometa mia kwa saa kwa muda mfupi zaidi, kazi ni yake.

Tulikuwa wawili, kaka yangu mkubwa na mimi. Sikuwa natania. Ile kazi niliitaka kuliko nilivyotaka kuolewa tena, na nililisema hilo hadharani, mama akaguna.

Tukaenda asubuhi mapema kwenye kipande kilichonyooka upande wa Mzumbe. Mjomba alikaa kiti cha abiria na saa ya kuhesabia sekunde, jicho kwenye mshale wa mwendo. Kaka akaanza. Akakanyaga mafuta mpaka injini ikalia, akaiachia klachi kwa mara moja. Jamani! Matairi ya nyuma yakazunguka palepale, moshi, mpira unanuka, vijana wa baiskeli wakapiga miluzi. Kelele zote hizo na gari halijaenda kokote. Sekunde nane na nusu. Akarudia mara tatu bila kupumzika, injini inazidi kupata joto na muda unazidi kurefuka. Yeye anatabasamu tu, maana kapigiwa miluzi.

Zamu yangu ilipofika nikafungua boneti kwanza, nikaacha upepo wa mlimani uipoze injini.

"Mdogo wangu, unasubiri ugali uive?" kaka akauliza.

Nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma ili yashike lami. Nikaingia, nikakanyaga mafuta kiasi, klachi nikaiachia nusu na kuishikilia hapo mpaka nikahisi gari linataka kwenda lenyewe. Ndipo nikaiachia yote na kuzamisha mafuta. Hakuna moshi, hakuna miluzi. Mgongo wa mjomba ukagandana na kiti. Sekunde saba kamili.

Mnadhani nilipewa kazi? Thubutu! Mjomba aliitikisa ile saa, akaiweka sikioni. Akasema labda barabara inateremka. Barabara ileile! Akasema labda ni ubaridi wa asubuhi. Kwani kaka aliendesha saa nane mchana? Mwishowe akatoa la moyoni: "Mwanangu, wateja wakiona mwanamke kwenye usukani watasema gari lenyewe legelege." Kaka aliyekuwa anaujua ukweli akainama kufunga kamba za viatu. Kazi akapewa yeye.

Nililia kwa hasira, sioni aibu kusema. Maana mjomba huyuhuyu ndiye kila kikao anatukumbusha kwamba sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwamba ardhi inapita kwa wanawake, na yeye mwenyewe ana kauli kwetu kwa sababu tu mama yangu ni dada yake. Jembe ni haki yangu ya ukoo. Usukani ndio unataka mwanaume!

Wiki haikuisha, kaka akaunguza klachi. Ilipobadilishwa, akatokea mteja mzito kweli, na mjomba kwa woga wa kuaibika akaagiza niitwe. Nilienda. Ningekataa vipi, na kazi bado naitaka? Mteja akakaa mbele, mjomba nyuma. Nikaliondoa vilevile, mteja akapiga makofi kama mtoto.

"Huyu mama kafundishwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe," akasema mjomba.

Loo! Nikaegesha kando, nikachomoa ufunguo, nikamgeukia na kumpa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Haya mjomba, turudishe wewe."

Hakuupokea. Mjomba wangu hajui hata kutia gia. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, mteja anamtazama yeye, mimi natazama mbele.

"Alijifundisha mwenyewe," akasema hatimaye. "Huyu ndiye dereva wangu."

"Wa leo au wa siku zote?"

"Wa siku zote."

Alilisema kwa sauti ya chini, nikamwomba alirudie mteja asikie. Akalirudia. Ndipo nikawasha gari.