Mawe ya Mizani

Mimi ni mwoga wa ndege, wala sioni haya kusema. Wiki nzima kabla ya safari ile nilifundisha huku nikiiwaza. Kila nilipogeukia ubao niliiona ile ndege ya viti kumi na viwili ikianguka, na mimi ndani yake.

Mdogo wangu, muuguzi kule Moroto, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kutoka Arua kwenda Moroto kwa basi unapita Gulu, Lira na Soroti, tena unalala njiani, na Mama alishasema mgongo wake hauwezi. Ndipo tukasikia kuna ndege ndogo iliyoanza kwenda moja kwa moja kila Jumanne, kutoka kiwanja chetu hadi kiwanja chao, bila kuzungukia Entebbe. Mdogo wangu akatukatia tiketi.

Nilimpigia Mama simu nikiwa Koboko, ninakofundisha. Mama anauza maharage na karanga katika soko la Arua tangu kabla sijazaliwa. Nikamwambia asibebe magunia, maana ndege yenyewe ni ndogo kiasi kwamba hata abiria hupandishwa kwenye mizani.

Mama akauliza: "Wanawapima mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, Mama. Tena wanasoma kwa sauti."

"Sawa," akasema, kisha akaniuliza habari za mvua.

Jumanne nikatoka Koboko alfajiri. Ni mwendo wa saa moja tu kwa gari, lakini sikuwa nimefika kwake tangu Pasaka. Nilimkuta amesimama langoni mwa kiwanja, amejifunga vitenge vitatu na sweta juu yake, na jua limeshaanza kuwaka. Nikadhani ni madoido ya bibi anayekwenda kumwona mjukuu. Uso wake ulikuwa umepungua. Niliuona, nasema ukweli, ila nilikuwa na hofu yangu mwenyewe ya kuhangaika nayo.

Tukapanga foleni. Mama akapanda kwenye mizani polepole, akihema.

"Sitini na moja," mhudumu akasoma.

Mama akashuka, akanitazama kama mtu aliyefaulu mtihani. Sitini na moja ndiyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya zahanati ya Koboko mwaka jana, nilipompeleka mwenyewe. Nikafurahi, nikarudi kuiogopa ndege yangu.

Baada ya mizani ulifuata ukaguzi. Mwanamke aliyekuwa akikagua akapitisha mkono kiunoni mwa Mama, akasita. "Mama, hapa iko nini?"

Yule mwanamke akafungua kitenge cha kwanza, cha pili, cha tatu. Chini yake kulikuwa na kitambaa kilichofungwa kwa mafundo magumu, na ndani yake mawe ya mizani, yale ya chuma anayopimia maharage. Mawili ya kilo tano na moja la kilo mbili.

Watu wakacheka. Mhudumu alikuja akakuna kichwa, akasema wengine wanaficha uzito, huyu mama ameleta wake kutoka nyumbani. Nami nilikuwa karibu kucheka. Kisha akamrudisha kwenye mizani, kwa kuwa rubani alitaka namba ya kweli.

"Arobaini na tisa."

Mama hakuwahi kukosea kipimo maisha yake yote. Alikuwa ameshajipima sokoni kwenye mizani ya magunia, akatoa, akajumlisha, akanirudishia ile namba niliyoikumbuka mimi.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mvua ya kwanza. Chakula inakataa." Alikuwa akifunga vitenge vyake upya, hanitazami. "Wewe unakumbuka namba sana. Ukijua, utanipeleka hospitali. Mimi nataka kushika mutoto kwanza."

Nilikasirika, hasira ya mtu aliyeogopa. Nilitaka kumrudisha mjini saa ileile. Lakini watu walikuwa wanapanda, naye akawa ametangulia. Mawe yakabaki mezani, tuyachukue tukirudi.

Ndege iliporuka ikatikisika kama nilivyojua itatikisika. Abiria mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Mama kiunoni, na vidole vyangu vilihesabu mbavu. Ikanijia ile methali ninayowaandikia wanafunzi ubaoni: mficha maradhi... Nikaikatiza hapo. Najua inavyoisha, na sikuthubutu kuimaliza hata moyoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ndege yoyote. Nikatamani isitue, kwa sababu chini alikuwa akitungoja muuguzi.

Tulipoanza kushuka Mama akanigusa. "Nifunge vizuri. Mudogo wako ataona."

Ningeweza kukataa. Nilivua koti langu nikamvisha juu ya sweta, nikamfunga vitenge vyote vitatu, nikavijaza kwa mtandio wangu pale mawe yalipokuwa. Alitoka mnene. Nilifanya kazi nzuri.

Mdogo wangu alikuwa kando ya kiwanja na mtoto mikononi. Mama hakumsalimu hata yeye. Alinyoosha mikono, akapewa, akamwinamia mtoto akimnong'oneza kwa Kilugbara, lugha yetu ya nyumbani. Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu Baba afariki.

Ndipo mdogo wangu akawakumbatia wote wawili pamoja. Nikaona mkono wake ukiuzunguka mgongo wa Mama, ukizama katika nguo, ukizidi kwenda. Ukasimama. Akaniangalia juu ya bega la Mama, na midomo yake ikaniuliza bila sauti: tangu lini?