Mama Mwanaidi Bado Amekaa

Wenzangu, nimejificha nyuma ya ofisi yangu mwenyewe.

Mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha hapa shuleni, Muheza. Leo nilimwita Mwanaidi wa kidato cha nne, pamoja na mama yake. Binti anataka uuguzi, nami nilijua tu mama atapinga. Nilishajipanga kubishana!

Mama akasikiliza, akasema, "Sawa, akasome."

Basi? Nikasimama kumuaga. Haondoki.

"Na mimi je, mwalimu? Niliishia kidato cha pili, nilipopata mimba ya huyu."



Mwanaidi akainuka, akamwachia mama yake kiti kinachotazamana na changu.

Nikasema "nakuja", nikatoka mbio.

Aliyesoma ukubwani aniambie alianzia wapi. Fanyeni haraka, mama bado amekaa.