Nati ya Nne

Wiki iliyopita fundi bomba alikuja nyumbani kwangu Miburani kubadilisha bomba la jikoni. Alipoanza kulikata kwa msumeno, ile harufu ya plastiki iliyopata moto ikanifikia sebuleni, nami nikaacha kukunja nguo nikakaa kitako. Fundi akadhani nimekerwa na vumbi. "Samahani, dada, namaliza sasa hivi," akasema. Ningemwelezaje kwamba pua yangu ilikwisha kunirudisha kijijini kwetu Utende, kwenye mashua ya baba, na kwamba nilikuwa na miaka kumi na moja na nimetoka kusema uongo? Nitawaeleza ninyi, maana yeye alikuwa na kazi yake.

Mwaka ule hoteli moja ya wageni pale kwetu ilikuwa ikitafuta mashua ya kuwapeleka wageni kurambaza, yaani kuvuta mishipi nyuma ya chombo kinachokwenda, wapate nguru na jodari na, Mungu akipenda, sulisuli. Meneja alimwambia baba atakuja kuijaribu mashua yetu siku ya Alhamisi. Ikimridhisha, kazi ni yetu. Isipomridhisha, baba atakwenda dago. Dago ni kambi ya wavuvi wanaohama kuwafuata samaki, na la baba lilikuwa kusini huko, pwani ya Kilwa, miezi saba au minane hatumwoni. Mara ya mwisho alipokwenda, mama alijifungua na mtoto akafariki, na habari zilimfikia baba kaburi limekwisha kuota majani. Sasa mama alikuwa mjamzito tena. Nyumbani hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, lakini mimi nilikuwa nikimwomba Mungu kila nikisujudu: baba asiende, baba asiende.

Mashua ilikuwa nzima na mashine yake nzima. Kilichokosekana ni vishikio vya fimbo za kuvulia. Baba alivua kwa mkono tangu utoto wake, na kidole chake cha shahada kilikuwa na mfereji uliochimbwa na mishipi. "Fimbo ni ya kuchungia mbuzi," alizoea kusema. "Samaki anataka kidole." Lakini wageni hawavui kwa kidole. Wanachomeka fimbo zao kwenye vishikio ukingoni mwa boti, boti inakwenda, wao wanakunywa soda mpaka samaki ale.

Tabu ya kwanza ilikuwa kipimo, kwa sababu fimbo yenyewe hatukuwa nayo. Mjomba Salehe, kaka yake mama, alikuwa mlinzi pale hotelini, akamruhusu baba aishike moja kwa dakika moja. Baba akaishika kwenye kitako chake, akafumba macho, kisha akarudi nyumbani mkono umekunjwa vilevile, hataki kuukunjua hata kwa kuamkiwa. Akaanza kushika vitu. Mpini wa jembe, mwembamba. Mguu wa kitanda, mnene. Mwisho akaushika mchi wa kinu wa mama. "Ndio huu," akasema, na mama akaulizwa kama anaweza kukaa bila mchi mpaka jioni. Basi tukaenda Kilindoni na mchi begani, mimi nyuma nikiinamisha uso kila tulipopita watu.

Duka lilikuwa la Mzee Shabiri, Mhindi wa pale pale Kilindoni aliyezaliwa na kuota mvi nyuma ya kaunta ile ile. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mama. Huo mchi mnauza au mnaupeleka hospitali?" Baba hakucheka. Aliletewa vishikio vya chuma vinavyong'aa kama sahani mpya, akatoa mfukoni sumaku ya redio mbovu na kuigusisha. Ikanasa. "Hiki ni chuma cha kawaida kilichopakwa," akasema. "Bahari itakitafuna kabla ya Ramadhani." Akaletewa vya plastiki vilivyotengenezwa tayari, akavikunja shingo kwa vidole viwili, vikalia. Hivyo navyo akavisukuma kando. "Wewe Athumani," Mzee Shabiri akasema, "hata posa ungepeleka na sumaku." Tulichorudi nacho ni kipande cha bomba la maji, lile nene la kijivu, ambalo mchi uliingia ndani yake bila kucheza, pamoja na bolti nne na nati nne za shaba.

Baba alilikata bomba vipande viwili, akachonga vitako viwili vya mvule, akalizamisha kila bomba ndani ya kitako chake. Kishikio kimoja kingekaa ukingo wa kulia, kimoja wa kushoto, kila kimoja kwa bolti mbili. Sasa hapa ndipo mjue baba alikuwa mtu wa namna gani. Kutoboa chombo kwake ilikuwa kama kumchanja mtoto: unafanya ukilazimika, na unasema bismillahi. Alitoboa, akavisimamisha vishikio wima kama milingoti, nati bado hazijakazwa, akaridhika. Jumatano mchana mjomba Salehe akapita, akatazama, akakuna kichwa. "Shemeji, hivi haviko hivyo. Vya hotelini vimelala kwa nje na kwa nyuma. Ukikata kona hapa, mishipi itasukana kama nywele." Baba akaving'oa, akaziba matundu kwa pamba na mafuta, akavichonga vitako upya, akashika keekee akatoboa matundu mengine manne, jasho likimtoka usoni kama anayetobolewa yeye.

Nati zilitakiwa kukazwa kutoka chini, katika uwazi mwembamba kati ya ukingo na ubao wa ndani. Mkono wa baba haukuingia. Wangu uliingia. Nilikaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, spana ikinichuna vidole, baba akizuia vichwa vya bolti kwa juu. Ile ya nne, ya nyuma upande wa kushoto, ikaniponyoka. Niliisikia ikigonga taruma moja, ubavu wa mashua, kisha ikazama ngamani, kule chini kabisa maji machafu yanakokusanyika. Baba hakuisikia, kwa kuwa wakati huo huo adhana ya alasiri ilikuwa ikisomwa.

"Imekaza?" akaniuliza.

Nilifikiri mambo mengi kwa mara moja. Nati ya akiba haikuwapo. Duka liko mbali, Kilindoni. Meneja anakuja asubuhi. Nikisema imepotea, itabidi mbao za chini zing'olewe, na baba amekwisha kuchoka, na chuo cha Kurani nimechelewa na mwalimu ana kiboko. Tatu kati ya nne, nikajiambia, ni karibu na zote.

"Imekaza, baba."

Usiku ule sikula. Mama akanigusa paji la uso akasema sina homa, basi nina uvivu.

Asubuhi Meneja alikuja na fimbo zake mbili, mtu wa bara, mpole, kofia kubwa. Baba akanichukua mimi niwe wa kufua maji, kuyachota kwa kopo na kuyamwaga nje, akasema mikono yangu imeijua mashua. Tulitoka nje ya ghuba maji yakiwa ya nguvu. Fimbo zikaingia kwenye vishikio kama ulivyoingia mchi, na Meneja akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Mimi sikuitazama bahari hata mara moja. Nilikitazama kitako cha kushoto. Mashua ikipanda wimbi, kinainuka unene wa kucha; ikishuka, kinakaa. Kinainuka, kinakaa.

Wa kwanza alikula upande wa kulia, nguru mzuri, na kishikio hakikutikisika. Meneja alipomaliza kumpandisha alimshika baba bega. "Nahodha, boti yako imekaa vizuri. Nadhani tutaelewana." Baba akanitazama, akatabasamu, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi akiwa chomboni. Nilitaka kulia kwa furaha na kwa hofu, vyote pamoja. Twendeni nyumbani sasa, nikaomba moyoni, imetosha, twendeni.

Ndipo rili ya kushoto, lile gurudumu la mshipi, ikapiga ukelele. Nyuma yetu sulisuli aliruka, mrefu kuliko mtu, akapiga maji, akaruka tena. Meneja alikuwa bado anaufunga mkanda wake kiunoni. Kitako kikainuka, si unene wa kucha tena. Kikafunguka kama kifuniko cha sufuria, kimeshikwa na bolti moja tu. Mficha maradhi, husema watu wazima, kifo humuumbua. Sikumwita baba. Nilijitupa nikakikandamiza kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani nitaweza kuwa nati. Samaki akageuka, fimbo ikapinda upande wa pili, na kitako kikashuka juu ya vidole vyangu kwa uzito wote wa samaki yule.

Nilipiga yowe. Meneja akasema, "Subiri, nahodha, subiri kidogo niitoe fimbo." Baba alikwisha kuuachia usukani. Sikumwona akitoa kisu. Niliona tu mshipi umekatika na fimbo imesimama wima, na bahari kule nyuma tupu.

Baba aliviinua vidole vyangu kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa kimevunjika, na mpaka leo hakinyooki. Kisha akaupenyeza kwa nguvu mkono wake chini ya ukingo, ngozi ikimchubuka, mpaka ncha ya kidole ikaigusa bolti isiyo na nati. Akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Nimefunga vibaya," akamwambia Meneja. "Kosa ni langu."

Siku tisa baadaye baba alifunga mkeka wake na sufuria yake akaenda dago. Mdogo wangu alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini baba alipomwona mara ya kwanza mtoto alikuwa akitambaa, akamkimbia kwa kumwogopa. Nilisimama mlangoni nikaona uso wa baba, na nikajua ni mimi niliyefanya hivyo. Nimeishi na jambo hilo miaka mingi. Baba hakuniuliza kuhusu nati hata siku moja, nami ukimya wake niliuhesabu kuwa ndiyo adhabu yangu.

Fundi alipoondoka jioni ile nilikwenda kwa mama, ambaye siku hizi anakaa mtaa wa pili. Tulikuwa tukichambua mchele, nikamwambia yote: nati, adhana, uongo. Nilidhani atashangaa. Mama aliokota kijiwe akakitupa.

"Nati ndiyo iliyompeleka dago? Nani kakwambia?"

Akaniambia kwamba Meneja alikuja nyumbani usiku wa Ijumaa, mimi nikiwa nimelala na dawa za maumivu. Alisema mashua kaipenda, vishikio vitatengenezwa upya, kazi ni ya baba. Ila aahidi jambo moja: mshipi ni wa mgeni, usikatwe tena bila mgeni kuulizwa. Baba akamuuliza, hata mkono wa mtoto ukiwa umebanwa? Meneja akasema hata hivyo, ni kuuliza tu, sekunde moja. Baba akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akaanza kuutafuta mkeka wake.

"Nilimkasirikia siku tisa zote," mama akasema. "Mimi na tumbo langu lile. Nikamwambia, mwanamume wewe, ahadi ni maneno, ungeahidi tu, nani angekushika? Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Mimi nikiahidi hutimiza. Nitasimama pale namwomba mgeni ruhusa, na mwanangu analia.'"

Mama akaendelea kuchambua. Mimi sikuona tena mchele wala mawe.