Mama Wairimu wa Kitufe Chekundu

Siamini bado. Jana Ijumaa nilikuwa na Mama Wairimu hapa kiwandani Thika, akinigombeza kwa sababu ya neti ya nywele. Leo asubuhi binti yake amenipigia simu kutoka Ruiru. Mama aliamka na maumivu ya kifua, akafariki kabla ya kufika hospitali. Woiye!

Kwa wasiomjua: alikuwa opareta wa laini, ule mtambo wa kufunga biskuti, na sisi graduate trainees, vijana tuliotoka chuo kikuu kujifunza kazi, wote tulipitia mikononi mwake kabla ya kupewa meza ofisini.

Mimi nilikuja siku ya kwanza na tai. Akaniangalia. "Hiyo tai mashine itaimeza, halafu ikumeze wewe. Toa." Nikatoa.

Degree zetu hazikumbabaisha hata kidogo. "Kusoma ni vizuri. Sasa shika ufagio."

Alikuwa na desturi yake. Kabla hujagusa biskuti hata moja, anakusimamisha mbele ya kitufe chekundu cha kusimamisha laini, anakuambia ubonyeze. Kiwanda kinanyamaza, wote wanakuangalia.

"Umeona? Haujakufa. Siku ukiona shida hutaogopa."

Wiki ya pili nikaona kitu kinang'aa kama chuma katikati ya biskuti. Nikabonyeza. Kumbe ni kipande cha karatasi ya kufungia!

Supavaiza akaja amefura. "Nani amesimamisha laini?" Nilijua kazi imeenda kabla sijaianza, na mamangu kule Makongeni alikuwa ameshatangazia kanisa zima kwamba nimepata kazi.

Mama Wairimu akasimama mbele yangu, na alikuwa mfupi kuliko mimi. "Ni mimi nilimfunza. Heri asimamishe bure mara kumi kuliko mtoto wa mtu akule chuma. Kama ni warning letter, andikia mimi."

Hakuna barua iliyoandikwa. Nilibaki, na leo mimi ndiye ninayesimamia training. Alikuwa akiniita "bosi" kwa kunichokoza tu, kisha ananituma chai.

Jumatatu tunapokea wapya kumi na wawili. Wiki iliyopita ofisi iliniuliza kama hiyo desturi ya kitufe haitupotezei muda. Sikuwa nimewajibu. Leo nimewajibu: haiondoki nikiwa hapa.

Asante, mathe. Mshahara wangu wa kwanza ulitoka kwa mdomo wako.

Lala salama, Mama Wairimu. Jumatatu laini itanyamaza mara kumi na mbili. Ujue ni sisi, tunakusalimia.