Lugha Ilisimama juu ya Mupunga ya Bugarama

Ilisimama! Nasema tena, ilisimama. Kila mara nikieleza hii habari hapa Kamembe, kuna muntu ataweka chupa yake chini anicheke: "We mutoto, lugha ya programu, yenye bantu ba dunia nzima banatumikisha, isimame juu ya mupunga ya Bugarama?" Ndiyo, papa. Juu ya mupunga, kwa sababu yake. Ikala nikuelezee, na usinikate.

Lugha ya programu njo ile tunaandikia masini maagizo: fungua hii, ngoja kidogo, funga ile. Mimi hakuna shule ilinifundisha. Nilijifunza kwa telefone, kwetu Gihundwe, nikisoma vintu vya bantu bengine na kukasirika. Na kwa muda murefu niliwaza lugha inatokaka fasi fulani juu, imeisha kutengenezwa, sawa mvua. Kumbe nayo imeandikwa na bantu, bengine banatumika bule, kisha kumaliza kazi yao ya muchana. Mbele ya kutoa toleo mupya, banaweka inje toleo ya kupima, banasema: pimeni, leteni makosa. Kila kosa inaandikwa fasi kila muntu anaweza kusoma. Bo banakamata moja moja, banabishana: hii inazuia toleo, hii itangoja. Siku nilijua kama hata mimi naweza kuingia mule na kusema kintu, nilibakia kinywa wazi.

Mwenye kunionyesha ule mulango ni rafiki yangu. Tulikomea wote Bukavu, tukarudi huku na bazazi betu, na ukimugusa yee umenigusa mie. Anatumikia maman mudogo yake kule Bugarama. Ule maman analima mupunga, na sifa yake ni pepinyeri, kitalu ya miche: analoweka mbegu, zikianza kutoa mizizi anazimwanga kwa matope laini, na maji inapashwa kuwa kidogo, kidogo sana. Rafiki alifunga telefone ya zamani kwenye pompi ya maji, akaandika programu: fungua maji, ngoja dakika makumi mbili, funga. Akaweka ile toleo ya kupima ya lugha, kwa sababu ilikuwa nyepesi kwa telefone kuukuu.

Siku moja pompi haikufunga. Maji ilijaa, ikapita ukingo, na mbegu zote zikaelea zikaenda na mufereji.

"Ulilala," maman akamwambia.

"Maman, sikulala. Programu ilipashwa kufunga."

"Aaah. Basi programu njo ililala?"

Bajirani balicheka. Kisha maman akasema bila kucheka: tutamwanga tena, lakini maji ikipita tena ukingo, unarudi Gihundwe, na pompi naipa binamu yako, yee ana mikono.

Rafiki aliandikia bale ba lugha: agizo ya kungoja haingoji vizuri. Jibu ikakuja, na heshima yake yote: tumepima kwenye masini zetu, hatuoni kosa. Kama hakuna muntu wa kutuonyesha, tutaifunga hiyo kosa, toleo iko karibu kutoka.

Mi nikawaka. Niliandika jibu ya moto, Kifaransa na Kingereza bikipigana ndani. Rafiki akaisoma mpaka mwisho, akasema, "Ukituma hii, ndugu yangu, batafunga kosa na wewe pamoja," akaifuta. Akaniangalia. "We unaniamini?"

"Hata kama ungesema pompi iliimba," nikamujibu.

Tukashuka Bugarama. Joto ya kule unaijua: shati inashika mugongo mbele hata ya kushuka kwa pikipiki. Tukageuza bomba imwage kwa mufereji, tukaikala kando ya telefone, tukawasha programu, tukaangalia. Maman naye akaleta kiti, akakunja mikono. Ikafunga vizuri. Tukawasha tena, ikafunga vizuri. Na tena.

"Munangojea nini?" maman akauliza.

"Tunangojea ikosee, maman."

"Mungu wangu. Wengine banaomba vintu bitembee, nyinyi munaomba bife."

Njo pale muntu wa kinu ya mupunga akapita, akauliza saa ngapi. Nikaangalia telefone ya pompi, nikamwambia saa saba. Akacheka: "Saa saba ya wapi? Hapa ni saa nane! Iyo telefone yako imevuka."

Kila muntu wa hapa anajua hii mambo, na kwa ajili hiyo hakuna mwenye alikuwa anaiwaza. Kamanyola iko pale ngambo, na rezo, mutandao ya telefone ya Congo, inaingia Bugarama bila kuonyesha kitambulisho. Telefone ikiikamata, inaamini iko Congo, na kama saa yake inajipanga yenyewe, inaweza kukamata saa ya Kinshasa, saa moja nyuma yetu, hata kama bantu ba Kamanyola benyewe banaishi kwa saa sawa na yetu. Bugarama muntu akichelewa kanisa anasema Kinshasa njo ilimuchelewesha, bote banacheka, inaisha. Ukiuliza saa, unauliza na "ya wapi".

Rafiki akashika mukono yangu, akaukaza. Pompi, tulikuwa tumeiwasha tena, ilikuwa inavuta maji. Dakika makumi mbili zikapita, ikaendelea. Dakika zingine, ikaendelea. Hata maman akasimama. Ilifunga kisha kupita saa nzima na zile dakika makumi mbili.

Nikafungua lugha yenyewe. Naomba uelewe hii: si programu yetu, lugha, matumbo yake. Nikatafuta fasi banaandika agizo ya kungoja, nikaikuta, mistari midogo tu, na muntu alikuwa ameibadilisha kwa toleo mupya. Sasa ilikuwa inauliza saa ile tunaonaka kwa kioo. Inasema: nitaamuka saa nane na nusu. Kisha saa inarudishwa saa saba, na yee anangoja tu, mutiifu, sawa askari mwenye banasahau kwa poste ya ulinzi.

Na pale pale nikasoma kintu nilikuwa sijui. Ndani ya telefone kuna saa mbili. Moja ni ya bantu, inabadilika na rezo, na inchi, na serikali. Ingine inahesabu tu kutoka masini ilipowaka, haionyeshwi kwa muntu, na hakuna mwenye anaweza kuirudisha nyuma. Haijui Kinshasa, haijui Kigali. Miaka yote natembea na ile saa kwa mufuko! Nikaangalia ile telefone mkononi mwangu kama muntu nimekutana naye leo.

Tulituma video na maelezo. Mumoja akauliza: lakini nani anahama inchi ndani ya dakika makumi mbili? Nikaandika, na hii rafiki hakuifuta: "Sisi. Bila kutoka kwa kiti."

Muda kidogo, mwenye kusimamia toleo akaandika mustari moja: hii inazuia, toleo inangoja.

Inangoja! Kisha nikaona bakikuja. Mumoja, kwake kuna baridi na usiku, alibadilisha agizo iulize ile saa ya pili. Mwingine akakuta kosa ile ile fasi ingine. Mwingine tena akaandika jaribio inayorudisha saa nyuma makusudi, kama muntu amefika kwetu, na akaipa jina Bugarama. Sasa popote muntu akigusa ile lugha, kwa inchi sijawahi kusikia, masini inapitia kwanza Bugarama. Bantu hatujaonana, hatutaonana. Nililia kidogo. Sema basi, cheka.

Maman alimwanga tena. Siku moja telefone ikavuka tena, saa ikarudi nyuma mbele ya macho yake, na pompi ikafunga kwa wakati. Akaenda ukingoni, akaingiza kidole kwa maji, akapima. "Binamu yako nitamutafutia kazi ingine," akasema, na ile njo msamaha yote rafiki alipata.

Ilimutosha. Mimi haikunitosha. Bale ba mbali balitaka video, haya, hawamujui. Lakini ule maman mudogo yake, na bajirani benye kucheka, banaishi naye kila siku, na bo pia balingoja mpaka saa irudi nyuma njo bamuamini. Yee alisema ukweli tangu siku ya kwanza, akiwa amesimama kwa maji. We ungemuamini ile siku, ao nawe ungeuliza kama programu njo ililala?