Sahihi ya Mama Sare

Mama Sare hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku hiyo benki nzima ilimsikia. Yeye ni fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na asubuhi muuza vitambaa alikuwa amemrudishia hundi mbele ya wateja, ameishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachonuka.

"Imekataliwa. Leta taslimu kabla ya saa sita, la sivyo majora yako nampa mwingine."

Eti yeye! Miaka yote hiyo hajamdhulumu mtu hata kifungo.

Na akaunti yenyewe watu wa benki ndio waliombembeleza aifungue: hela inakaa, inazaa riba, na bado unaandika hundi ukitaka. Riba hiyo haikutosha kununua hata uzi, lakini haya, tuyaache hayo.

"Pesa zimo, mama," karani alisema nyuma ya kioo. "Shida ni sahihi. Hailingani na tuliyonayo hapa."

Akamgeuzia skrini. Mama Sare akaona jina lake kama alivyoliandika siku anafungua akaunti: herufi zimelala, zimepandana, moja imeangukia nje ya kisanduku. Wakati huo alikuwa hajui kuandika ila jina hilo tu, tena kwa kubahatisha. Baadaye ndipo alipokwenda kisomo cha watu wazima, miaka miwili, kila jioni baada ya kazi, mgongo unamuwaka moto, mpaka mwandiko ukanyooka.

"Nimejifunza!" aling'aka. "Ni kosa?"

"Si kosa, mama. Ila kubadilisha sahihi ni siku saba. Ukitaka pesa leo, weka ile ya zamani."

"Yaani nirudi ujingani ndipo mnijue?"

Karani alivuta fomu ya kutolea pesa. Akamsukumia.

Alijaribu mara tatu, na mara zote tatu jina likatoka limenyooka. Saa ya ukutani ilisema tano na nusu. Machozi ya hasira yalimlenga, na hakutaka yule mtu ayaone. Akahamishia kalamu mkono wa kushoto, akakwaruza.

Karani akalinganisha, akagonga muhuri, uso umemchangamka.

"Hapo sasa! Hii ndiyo wewe, mama. Hongera."

Mama Sare alizoa noti zake. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Yule karani alikuwa anampongeza kwa moyo mweupe kabisa.