Sitini na Kuendelea

Ukimwona Mwalimu Anastasia wa hapa Bigwa anapangusa viti barazani siku ya Jumamosi, utadhani anasubiri posa. Viti vingi, mwenye nyumba mmoja. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako Dar, na yeye alistaafu kufundisha hesabu zamani. Waliokuwa wakivikalia viti vile ni wanafunzi wa vyuo, waliomletea takwimu za tafiti zao.

Kazi yenyewe, jamani, si ngumu, ni ndefu. Tuseme umewauliza wakulima umri, ukawapanga kwenye makundi: ishirini hadi ishirini na tisa, thelathini hadi thelathini na tisa, kwenda juu. Ukitaka wastani, unachukua umri wa katikati wa kila kundi, unauzidisha kwa idadi ya watu wake, unajumlisha, kisha unagawanya kwa watu wote. Mwalimu alifanya kwa kalamu, taratibu, huku vijana wakila ndizi mzuzu za kuchemsha na kumsimulia nani kamwacha nani. Huo urefu ndio aliokuwa akiupenda.

Amosi, mmoja wa vijana hao, ndiye aliyemchokoza. "Mwalimu, hiyo laptopu aliyokuletea mwanao unafunikia sufuria?"

"Nangoja kufunikia mdomo wako."

Walicheka, lakini neno lilimwingia. Masika yote, mvua ikimfungia ndani, alijifunza kuandika makro: amri unaziandika mara moja ndani ya lahajedwali, halafu kila ukibonyeza kitufe kompyuta inazifuata yenyewe. Ilipokubali kutoa ule wastani, alipiga vigelegele peke yake jikoni. Akawapa vijana, nao wakatumiana kwa simu, chuo hadi chuo.

Jumamosi iliyofuata alipangusa viti. Hakuja mtu. Na nyingine vilevile. Simu ndiyo iliyolia: "Ubarikiwe mwalimu, makro yako ni moto!" Mzuzu akawatupia kuku.

Hata mchana mmoja, mawingu yameshuka mpaka migombani, akasikia bodaboda nje. Akaingia Devotha, msichana aliyekuwa akitafiti wakulima wa Mlali.

"Shikamoo mwalimu. Makro imegoma."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu, chai iko tayari."

"Nitakaaje, boda ananisubiri!"

Mwalimu akamimina chai hivyohivyo, akaangalia laptopu ya msichana. Kundi la mwisho Devotha alikuwa ameliandika "60 na kuendelea". Makro ilitafuta mwisho wa kundi ili ipate katikati yake; mwisho haukuwepo; ikasimama.

"Wenzangu nao wamekwama hapohapo," alisema Devotha. "Kama haiwezekani, basi Jumamosi tunakuja wote, utufanyie kwa mkono kama zamani."

Mwalimu dawa yake aliijua, mistari michache tu. Akavitazama vile viti. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Aseme tu "haiwezekani", na baraza linajaa.

"Hao wazee," akauliza, "mkubwa wao ana miaka mingapi?"

"Sikuuliza. Mtu akishafika sitini unatia alama tu, basi."

"Basi?"

Devotha akakumbuka anaongea na nani. Akainamisha kichwa. "Samahani, mwalimu."

Mwalimu akaivuta laptopu, akaandika. Sasa makro ikikuta kundi lisilo na mwisho inafungua kisanduku kwenye kioo na kuuliza: "Mkubwa wao ana miaka mingapi? Kama hukumuuliza, rudi ukamuulize."

"Mungu wangu! Ndiyo nirudi Mlali?"

"Urudi. Na ukikaribishwa, ukae. Wapelekee na wenzako hii."

Bodaboda ikaondoka. Kikombe cha chai kilibaki juu ya kiti, kimejaa.

Jumamosi alipangusa viti, na viti vikabaki vitupu. Alasiri ikaingia kwenye simu sauti aliyoirekodi Devotha, nyuma yake watu wanacheka na jogoo anawika. "Mwalimu, mkubwa wao ana themanini na nane! Nataka kuondoka, hataki. Eti mpaka magimbi yaive." Halafu sauti ya mzee, imeisogelea simu mno: "Huyo mwalimu anayeulizia miaka yangu, mwambie aje aniulize mwenyewe!" Kicheko. Ikakatika.

Mwalimu Anastasia akairudia. Akachukua kitambaa, akapangusa kiti kimoja ambacho hakikuwa na vumbi, akakikalia, akairudia tena.